Ukiita, Nani Anaitika?

Redio yenyewe ilikuwa imelazwa juu ya gogo wanalokalia mafundi wa madau, dikoni Nungwi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Rangi yake manjano, urefu wake haufiki shibiri. Mwenye boti alikuwa amenunua mbili. Alizileta asubuhi, akasema zijaribiwe, akaenda zake mjini. Kufikia saa nane mchana hapakuwa na aliyezijaribu, ila watu walikuwa wameshagawanyika makundi.

Niseme mapema kwamba katika jambo hili mimi si mtazamaji. Msimu wa kusi uliopita nilivuka kutoka Kipumbwi kuja Nungwi kwa boti ya faiba, watu saba na mizigo. Katikati ya safari mashine ikazima. Nahodha wa boti hiyo akavua kifuniko, akasafisha plagi, akavuta kamba mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Haikuwaka. Simu zilikuwamo tano, mbili kati yake zikiwa na mtandao uliokuja boti inapopanda wimbi na kupotea inaposhuka. Mtu wa kwanza niliyempigia alikuwa amezima. Wa pili alipokea, upepo ukala maneno yote. Wa tatu alinisikia vizuri kabisa, akaniuliza swali moja tu: "Mko wapi?"

Nilitazama huku na huku. Maji. Upande mmoja kulikuwa na mstari mwembamba wa nchi ambao ungeweza kuwa popote. Sikuwa na jibu, na nilipokuwa nalitafuta simu ikakatika. Tuliokotwa baada ya saa nne na mashua ya wavuvi walioona shati jekundu likipungwa juu ya kasia.

Kwa hiyo siku ile nilipokuta mabishano dikoni, nilikaa. Sauti ninazoziandika hapa ni nne, kila moja nimeiita kwa kazi ya mwenyewe. Nimezifupisha na kuzipanga, na pale nisipoweza kunyamaza nimejitia kati.

KIJANA WA MASHINE: Mimi sioni cha kubishania. Simu ninayo. Ina tochi, ina ramani, ina GPS inayosoma hata nikiwa sina bando. Mnara ule pale, mnauona wote. Nikipata tatizo napiga. Hiyo redio kwanza inataka leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, halafu wa kuongea naye simjui.

FUNDI REDIO: Hiyo simu usiiache nyumbani, sijasema hivyo. Lakini mnara ule umewekewa nani? Umewekewa watu wa nchi kavu, wanaonunua vocha. Antena zake zinatazama mitaa na barabara. Bahari inapata yanayomwagika tu. Halafu kuna mpaka ambao watu hawaujui: mtandao wa kawaida wa 2G, huu unaotumiwa na vitochi, umepangwa ufanye kazi mpaka kilomita 35 kutoka mnarani. Ishara yako ikichelewa zaidi ya hapo, mnara hauipokei, hata kama hewa ni safi na simu ina chaji tele.

KIJANA: Siendi kilomita 35, Fundi. Nafunga nyavu zangu hapo nje ya mwamba na kurudi.

NAHODHA: Huendi, unapelekwa. Maji ya nje hapa yanapanda kaskazini, kaskazi iwe au kusi. Kusi likikaza ndiyo yanakimbia hasa. Mashine ikizima saa mbili asubuhi, saa nane mchana hauko tena ulipokuwa. Mtu aliyekuona asubuhi atakwenda kukutafuta mahali ambapo maji tu ndiyo yamebaki.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Mkondo wa pwani yetu ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika noti 4. Tuchukue nusu yake. Kwa noti 2, saa nne ni maili 8 za bahari, yaani karibu kilomita 15. Hivyo ndivyo mimi na wenzangu sita tulivyosafirishwa bila kujua, tukiwa tumekaa kimya juu ya mizigo. Laiti ningejua siku ile kwamba simu iliyokuwa mkononi mwangu ingeweza kunipa tarakimu za mahali nilipo hata bila mtandao! Hazikuwa mbali: ni kufungua ramani na kugusa na kushikilia mahali penye kile kidoti cha buluu. Tangu hapo nimewafundisha wanangu wote. Mtu wa tatu aliponiuliza tuko wapi, jibu nilikuwa nimelishika.

MCHUUZI: Mimi nina neno juu ya simu. Simu inamwita mtu mmoja. Huyo mmoja yuko msikitini, au yuko shamba, au kama mimi juzi, simu nimeiacha kwa jirani kwenye chaji. Ukizama wewe, uzame kwa sababu mimi sina umeme nyumbani?

FUNDI: Umelisema, Bi Mkubwa. Redio ya bahari inamwita kila aliye karibu kwa mara moja. Chaneli ya 16 dunia nzima ni moja, masafa yake 156.8, na meli kubwa zote zinatakiwa kuisikiliza muda wote zikiwa safarini. Ile meli ya makontena unayoiona inapita huko nje, darajani kwake kuna mtu na kuna redio imefunguliwa 16. Hakujui, hajui Kiswahili, lakini anakusikia. Vituo vya wazamiaji hapa Nungwi navyo vinazo. Wavuvi ndio hatuna.

KIJANA: Basi zichukuliwe zenye nguvu. Nimeona hizi za mkononi ni wati 5 au 6. Za kufunga kwenye boti ni wati 25. Ukitaka kusikika, piga kelele.

FUNDI: Hapo ndipo watu wanapotupa pesa.

Akachukua kijiti, akachora kwenye mchanga mstari wa mviringo kama mgongo wa papai, akaweka vijiti viwili juu yake. Niliandika maneno yake kwa sababu katika vitabu vyote vya redio nilivyowahi kufungua sijaona aliyeeleza vizuri zaidi.

FUNDI: Redio hii inaona kama jicho, na zaidi kidogo tu. Bahari ina mgongo. Ukiwa umekaa ndani ya boti, antena yako iko mita 1 juu ya maji: unaona kilomita 4. Weka antena juu ya mlingoti wa mita 4: kilomita 8. Ipeleke mita 25, kilomita 20. Kisha unajumlisha wako na wa mwenzako. Mimi na wewe tumekaa kila mtu botini kwake, 4 na 4, tunasikilizana kilomita 8 basi. Nikiwa na wati 5 au na wati 25, mgongo wa bahari hautoboki. Lakini ile meli antena yake iko mita 30 juu. Inaona kilomita 22. Ongeza 4 zangu. Kilomita 26, na redio ya mkononi.

NAHODHA: Kwa hiyo kinachotakiwa ni urefu.

FUNDI: Urefu, Mzee. Tena urefu wa huku nchi kavu. Mvuvi hawezi kusimamisha mlingoti wa mita 25 kwenye mtumbwi. Sisi wa pwani tunaweza.

NAHODHA: Mnazi ule una mita 25.

Watu walinyamaza kidogo wakiutazama. Mimi nilianza kuhesabu. Kutoka Nungwi mpaka Kipumbwi ni kama kilomita 45. Antena moja ya mita 25 Nungwi na nyingine kama hiyo Kipumbwi, kila moja ikimfikia mtu aliyeketi botini na redio ya mkononi kwa kilomita 24: njia nzima tuliyozimikiwa ingekuwa imefunikwa kutoka nchi hadi nchi. Hapana satelaiti, hapana ada ya mwezi. Minazi miwili!

FUNDI: Mnazi unayumba, Mzee, na radi inaupenda. Nguzo ya chuma iliyofungwa vizuri na kutiwa waya wa ardhini ni bora, au paa la ghorofa. Jambo jingine ni waya wa antena. Waya mwembamba, ule wanaouuza kwa bei ndogo, ukivutwa mita 30 unakula kama robo tatu ya nguvu yote kabla haijafika juu. Unaweka wati 25 chini, juu zinatoka 6. Mnunue waya mnene. Na kiungio chake kifungwe kwa utepe wa mpira mpaka maji yasipate tundu, kwa sababu chumvi inapanda ndani ya shaba kama mchwa.

Hili la chumvi nimeliona kwa macho. Redio ya boti moja ya wageni ilifunguliwa mbele yangu kwa ajili ya matengenezo. Kwa nje iling'aa. Kwenye kiungio cha antena, Fundi alipokizungusha, ilimwagika unga wa kijani. Redio ilikuwa inawaka, inaonyesha namba 16, inakoroma kama kawaida, na mwenyewe aliamini kwa miezi kwamba ana redio.

KIJANA: Sawa. Tuseme nimekubali ya mkononi. Lakini kuna hizi zinauzwa mtandaoni, bei yake robo, na zinashika masafa mengi zaidi. Kwa nini ninunue hiyo ya manjano?

FUNDI: Itie ndani ya ndoo.

KIJANA: Ipi?

FUNDI: Ile ya robo bei. Itie ndani ya ndoo ya maji nusu saa, kisha niite. Zile zimetengenezwa kwa walinzi wa mageti na watu wa ujenzi. Ya bahari imeandikwa IPX7: inakaa mita 1 chini ya maji kwa dakika 30 na inatoka ikiongea. Nyingine zinaelea zenyewe, na hiyo ndiyo ya kuchagua, maana mkono wenye mafuta ya samaki haushiki kitu. Halafu tazama nyuma yake. Boti zetu mashine ni ya kuvuta kamba, haina pa kuchajia. Tafuta redio yenye kisanduku cha ziada cha betri kavu, hizi za dukani. Betri yake ikiisha usiku, unatia za tochi na maisha yanaendelea. Ukiwa na pesa ya kuongeza, chukua yenye GPS ndani na kitufe chekundu.

MCHUUZI: Kitufe chekundu kinafanya nini?

FUNDI: Kipo chini ya kifuniko. Unafunua, unabonyeza na kushikilia sekunde kadhaa. Redio inatuma yenyewe, bila sauti, kwenye chaneli ya 70: mimi ni fulani, niko hapa, nataka msaada. Redio za wengine zinalia king'ora. Kinamfaa mtu aliyeshikwa na hofu asiweze kusema. Ila hicho "fulani" ni namba ya tarakimu tisa inayotolewa na mamlaka ya nchi. Za Tanzania zinaanza na 674 au 677, za Kenya 634. Redio nyingi nilizofungua, namba hiyo haikuwekwa kamwe. Mtu kanunua kitufe, hakukipa jina, na redio isiyo na namba haitumi.

Hapa Nahodha, ambaye muda wote alikuwa anasokota kamba ya mkonge juu ya paja, aliiweka chini. Nilijua atasema. Na ninataka msomaji ajue kwamba hoja yake si ya mzee anayechukia mambo mapya. Ameendesha vyombo miaka arubaini na kitu, na usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ilipozama ikielekea Pemba, watu wa pwani hii walikuwa miongoni mwa walioingia maji kuokoa.

NAHODHA: Nimewasikiliza. Redio ni nzuri, sijaipinga. Naogopa kitu kimoja. Mtu akiwa na kifaa kiunoni anapata moyo ambao jana hakuwa nao. Anatazama wingu jeusi la kusini, anasema, nitaita. Zamani tulikuwa tunatoka vyombo vitatu, vinne. Mmoja akivunjikiwa foromali, mwenzake anamtupia kamba. Hiyo ndiyo redio yetu, na haikuwa na betri. Siku hizi kila mtu anatoka peke yake amuwahi mwenzake mnadani. Nunueni redio, lakini mtoke wawili wawili.

KIJANA: Wawili wawili mafuta yanagawanyika, Mzee, samaki pia.

NAHODHA: Na maiti je?

Pakawa kimya. Sikuona haja ya kukivunja.

MCHUUZI: Mzee kasema kweli, lakini naye kasahau jambo. Mwaka 2024, mwezi wa Mei, Kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia. Nani alitoka hapa? Hakuna. Kwa sababu gani? Redio ilisema. Si redio hii ya kuita, redio ya habari, ile ya mkulima na ya jikoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa walisema mapema, na boti za Dar zikasimamishwa. Kifaa kile hakikumpa mtu jeuri, kilimkalisha nyumbani.

NAHODHA: Hilo nakupa, Bi.

Nami nampa. Tunapozungumzia vifaa vya mawasiliano akili inakwenda kwenye kuita, na nusu ya kazi ni kusikia. Redio ndogo ya betri inayopokea taarifa ya upepo kabla ya alfajiri ni ya bei ya chini kuliko vyote tulivyovitaja, na ndiyo ya kwanza ningeinunua.

KIJANA: Mmesahau satelaiti. Kuna kile kidude cha kuvaa kwenye jaketi, wageni wa mashua za tanga wanacho. Unavuta antena, unabonyeza, mbingu inasikia.

FUNDI: Hatujasahau, bei ndiyo inatufunga mdomo. Ni dola 300 mpaka 400 huko kinakouzwa. Lakini nieleze, maana watu huchanganya. Viko vya aina mbili. Kimoja kinatuma ujumbe wa maandishi na kulipiwa kila mwezi. Usipolipa kinakuwa kipande cha plastiki. Kingine hakilipiwi kitu baada ya kukinunua. Hicho kinaita kwa masafa ya 406, mfumo unaitwa Cospas-Sarsat. Waliuanzisha Wamarekani, Warusi wa Sovieti, Wakanada na Wafaransa, na umeokoa watu tangu mwaka 1982. Betri yake inakaa miaka bila kuguswa, na ukikiwasha kinaita saa 24 mfululizo. Vile vikubwa vya kufunga chomboni vinaita saa 48. Na kikianza, kinatoa pia ishara ya 121.5 ili chombo cha uokoaji kikiwa karibu kiifuate kama mbwa anavyofuata harufu.

MCHUUZI: Kinaita, sawa. Anaitika nani?

FUNDI: Ishara inashuka kwenye kituo cha ardhini, inapelekwa kwenye kituo cha kuratibu uokoaji. Kwa bahari hii kikubwa kiko Mombasa, kimekuwepo tangu 2006, kinashirikiana na Dar es Salaam. Wao wanapiga simu: meli iliyo karibu, kikosi cha KMKM huku Zanzibar, polisi wa bahari. Na ukikisajili kifaa, wanapiga pia namba uliyoandika nyumbani kuuliza, huyu yuko baharini kweli? Usipokisajili, wanaona namba tu. Hata kama huku hukupata pa kusajili, mfumo wenyewe una daftari lake la kimataifa.

NAHODHA: Mtu amelala ndani ya maji, na wao wanapigiana simu.

FUNDI: Ndiyo, Mzee. Inachukua muda. Ndiyo maana nasema satelaiti ni ya mwisho, baada ya jirani. Lakini viko vipya, tangu 2020, vinavyopitia satelaiti za Galileo za Ulaya. Ishara yako ikifika, jibu linarudi, na taa ndogo kwenye kifaa inamwekamweka. Maana yake: tumekupata.

Taa hiyo ndogo imenikaa moyoni kuliko vyote alivyoeleza. Aliyewahi kukaa kwenye boti iliyozima anajua kwamba mateso makubwa si jua wala kiu ya saa nne. Ni kutojua kama umesikika. Unapunga shati kwa dakika kumi, unaacha kwa dakika kumi, unajiuliza kama nguvu uitunze au uimalize. Jibu dogo tu, hata la taa, linabadilisha namna mtu anavyotunza pumzi yake. Kwa boti zinazokwenda dago mbali, nje ya kilomita 25 za pwani, mimi ningesema kifaa cha 406 kinunuliwe, hata kama ni kimoja kwa boti tatu, kinachokabidhiwa kwa anayekwenda mbali zaidi juma hilo. Kwa wanaovulia ndani ya upeo wa macho, pesa hiyo ingeinua nguzo ya antena.

KIJANA: Na hilo neno lenyewe la kuita. Nikifungua redio niseme nini? "Jamani tunakufa"?

FUNDI: Mara tatu: Mayday, Mayday, Mayday. Neno limetoka kwenye Kifaransa, maana yake nisaidieni, linatumika tangu miaka ya 1920. Mchina atalijua, Mgiriki atalijua. Kisha jina la boti mara tatu. Kisha uko wapi, tarakimu kama zilivyo kwenye kioo. Kisha nini kimeharibika, watu wangapi, boti rangi gani. Achia kitufe usikilize. Watu wengi huwa hawaachii. Wanalia huku wamebana, na aliyewasikia hana pa kuingilia. Baada ya dakika chache rudia.

KIJANA: Tarakimu kwa Kiingereza?

FUNDI: Kwa meli, ndiyo. Fanya mazoezi hapa mchangani, usiku usikukute unatafuta neno la tisa.

Haya yote tuliyazungumza kana kwamba jibu liko kwenye gogo lile, ndani ya mfuko wa nailoni. Aliyelipeleka swali mahali pake alikuwa Mchuuzi. Alikuwa amekaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, daftari la samaki mapajani, kalamu imechomekwa kwenye kilemba.

MCHUUZI: Redio ni mbili. Moja inakwenda na boti. Ya pili itakaa wapi?

KIJANA: Kwa mwenye boti.

MCHUUZI: Mwenye boti yuko mjini siku tano kwa juma. Itakuwa kabatini, imezimwa ili betri isiishe. Utaita, kabati litaitika? Sikilizeni. Mimi nipo hapa tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka mnada uishe. Kila boti inayotoka naijua kwa sababu nasubiri samaki wake. Nani kachelewa najua kabla ya mkewe. Daftari hili lina majina ya vyombo vyote na saa walizoingia. Hamjawahi kuliona kama kifaa.

FUNDI: Wallahi sijawahi.

MCHUUZI: Nipeni mimi redio ya pili. Nitaandika na saa wanazotoka, na wapi wanakwenda, na saa wanayotarajia kurudi. Ikipita saa moja nitaita. Isipoitika nitapiga KMKM. Lakini sitafanya kwa sadaka. Kukaa na redio ni kazi kama kuparua samaki. Kila boti itoe kidogo mnadani, ndoo moja ya dagaa kwa juma, au pesa yake. Sikio langu mkilitaka, mlilishe.

KIJANA: Shangazi, hiyo ni haki yako. Lakini wa dagaa wanatoka usiku, mwezi ukiwa gizani. Saa nane usiku wewe umelala.

MCHUUZI: Nimelala, na sitasema uongo kwamba nitaamka.

FUNDI: Wageni wana walinzi hotelini usiku kucha.

NAHODHA: Mlinzi wa hoteli anaijua boti ya nani? Akisikia jina la chombo litakuwa kwake kelele.

Hapo walibishana muda mrefu, na sikuona aliyeshinda. Mmoja alitaka zamu za vijana, mwingine alisema vijana watasinzia, wa tatu alitaka serikali iweke kituo na mshahara. Mimi nasimama na Mchuuzi katika yote aliyosema: kabla ya kuuliza redio ya aina gani, wati ngapi, bei gani, tuandike kwenye karatasi jina la atakayekuwa ameamka. Karatasi hiyo ikibaki tupu, pesa ya redio ya pili haina kazi bado. Ila la usiku sina jibu lake, na halinipi usingizi.

Saa kumi kasoro robo Kijana alichukua redio ya manjano, akaivua mfuko wake, akaifunga kwa kamba ya uvuvi kwenye jaketi lake. Wakakubaliana na Fundi juu ya chaneli ya mazungumzo, si 16, maana 16 si ya majaribio. Akasukuma boti, akavuta kamba, akaelekea kaskazini-magharibi.

Mchuuzi alisimama ukingoni mwa maji, redio ya pili mkononi, antena imeelekea juu kama alivyoonyeshwa. Kila dakika tano Kijana aliita, na yeye akaitika na kuandika. Sauti ilikuwa safi. Kisha ikaanza kuwa na mchanga ndani yake. Saa kumi na dakika ishirini ikakatika katikati ya neno.

"Kafika mgongoni," alisema Fundi.

Nyuma yetu kuna ghorofa ambalo halijakamilika, nguzo na ngazi tupu, ghorofa tatu. Mchuuzi aliliangalia, akakunja kanga yake, akapanda. Tulimfuata, Nahodha akiwa wa mwisho na mkono ukutani. Juu kabisa palikuwa na upepo na rundo la kokoto. Alibonyeza, akaita jina la boti mara tatu, akaachia.

"Nakupata, Shangazi. Nakupata vizuri sana. Umefanyaje?"

Hakumjibu mara moja. Alikalia mfuko wa saruji iliyoganda, akafungua daftari juu ya goti, akaandika jina la boti, saa, na neno *amesikika*. Chini yake akapiga mstari kwa kalamu, akaandika *usiku*, na mbele ya neno hilo akaacha nafasi wazi. Huko chini, boti mbili za dagaa zilikuwa zimeanza kupakia taa.